Njia ya Kijani ya Bonde la Grosne
Lami hii ilikuwa reli. Treni kati ya miji ya Chalon na Cluny, Ufaransa, zilipokoma, mataruma yaling'olewa, na mwaka 1997 baiskeli zikapewa njia: kilomita 44 kutoka Givry hadi Cluny, bila gari wala pikipiki. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo hata mtoto huendesha hapa bila kuhema.

Utapita mizabibu, stesheni za zamani na kasri la Cormatin. Cluny usiipite mbio; abasia yake ilianzishwa mwaka 910. Ukiendelea kusini mwake kuna handaki la Bois Clair, takriban kilomita 1.6, linalofungwa majira ya baridi ili popo walale bila kusumbuliwa. Beba koti: ndani ni baridi hata kiangazi.