Mwanafunzi wa Udaktari Analala Wapi?

Jina la Kiingereza wanaloitwa madaktari wanaosomea ubingwa maana yake ni mkazi, na mwanzoni lilisema kweli tupu. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore mwaka 1889, madaktari vijana waliofundishwa na William Osler walilala humo humo hospitalini. Walikula humo, wakaamshwa usiku wa manane humo. Osler aliwatoa wanafunzi kwenye madawati akawasimamisha kando ya vitanda vya wagonjwa, na kwa hilo dunia nzima ina deni kwake. Ila anayelala hospitalini humwona mgonjwa akiwa mgonjwa tu. Hamwoni na jiko lake, na mume wake, na deni lake la dukani.

Ndiyo maana nikitaka kuujua mpango wa kufundisha madaktari wa familia, siangalii kwanza mtaala wala vyeti vilivyotundikwa ukutani. Naangalia mwanafunzi analala wapi, na mwalimu wake analala wapi.

Tabibu al-Razi alikuwa na jibu lake zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwandishi Ibn al-Nadim anasimulia kwamba al-Razi aliketi barazani na wanafunzi wake wamemzunguka safu kwa safu. Mgonjwa alieleza hali yake kwa safu ya nje kabisa. Wakishindwa, alipelekwa kwa waliokaa ndani zaidi, na al-Razi mwenyewe akawa wa mwisho kusema. Aliyekaa darasa za msikitini Lamu au Unguja anakijua kikao cha namna hiyo: mwanafunzi anatangulia kusoma, shekhe anasikiliza, kisha anasahihisha. Nakipenda kwa sababu kinamlazimisha mwalimu kunyamaza. Ibn al-Nadim anaongeza kwamba al-Razi aliwahurumia maskini, akawapa posho na kuwauguza. Hata hivyo katika kikao hicho mgonjwa ndiye mpita njia. Anakuja, anaulizwa, anaondoka.

Pwani yetu ilimpeleka mwanafunzi upande wa pili. Kuingizwa katika uganga kuliitwa kutiwa mkobani, na mkoba ni ule wenye dawa na zana za mganga. Mwanagenzi alimfuata mwalimu wake porini kuchimba mizizi, akamfuata tena hadi uani kwa watu, akajua nani amegombana na nani kabla ya kujua nani ana homa. Siusifu kwa kufumba macho: ulificha mengi, haukuandika, na mwalimu akifa bila mrithi elimu ilizikwa naye, ilhali wanafunzi wa al-Razi walizikusanya karatasi zake wakazifanya kitabu kikubwa, al-Hawi. Lakini kwa suala la makazi, mwanagenzi huyo alikuwa na kitu ambacho Baltimore haikuwa nacho.

Marekani yenyewe ilikuja kuona pengo hilo. Mwaka 1969 tiba ya familia ilitambuliwa huko kuwa ubingwa kamili wa miaka 3, na mwanafunzi akapewa kundi la wagonjwa wake wa kuwaona tena na tena hadi mwisho wa masomo. London ilikuwa imeanza mapema kidogo. Michael Balint, tabibu wa nafsi mzaliwa wa Hungaria, aliwaketisha madaktari wa mitaani kwa mazungumzo miaka ya 1950, kila mmoja akimweleza mgonjwa anayemsumbua moyo. Hoja yake ilikuwa kwamba daktari mwenyewe ni dawa, nayo ina kipimo na madhara yake.

Anayenivuta zaidi ni daktari Julian Tudor Hart. Mwaka 1961 alihamia Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, akakaa huko miongo. Alipima shinikizo la damu la karibu kila mtu mzima kijijini, wakiwamo wasiolalamikia chochote. Kazi hiyo haiwezekani kwa mgeni. Mtu mzima hamkunjulii mkono daktari aliyekuja wiki mbili na kesho anaondoka. Mwaka 1971 aliandika katika jarida la Lancet kwamba wenye haja kubwa zaidi ya tiba ndio wanaoipata kwa shida zaidi, na aliyaandika hayo akiwa anaishi kati yao.

Cuba ililifanya jambo hilo kuwa ramani ya nyumba. Mwaka 1984 ilianza kujenga zahanati za mtaa ambazo chini ni chumba cha matibabu na juu ni nyumba ya daktari, kila daktari akiwa na familia zipatazo 120. Anayesomea ubingwa husomea humo humo mtaani. Ni mpango mzito kwa daktari, kwani jirani ajuaye siri za kila mlango hana usiku wake. Bado naona ndio uliolijibu swali kwa ukamilifu.

Kenya imejaribu njia mbili. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kufundisha ubingwa huu mwaka 2005, na wanafunzi wake wakatolewa kwenye hospitali ya rufaa kwenda hospitali ndogo kama ya Webuye. Mwaka 2018 serikali ikapeleka madaktari 50 Cuba kusomea tiba ya familia. Waliomaliza walirudi, lakini ile ngazi ya kutoka chumba cha matibabu hadi chumba cha kulala ilibaki Cuba.

Mtu anayeishi na familia zetu tayari yupo: mhudumu wa afya ya jamii. Anajua mama yupi ameacha dawa za sukari na ni kwa nini. Ningetaka aandikwe miongoni mwa walimu wa mpango, alipwe kama mwalimu, na mwanafunzi wa ubingwa apewe chumba cha kupanga katika kijiji chake kwa mwaka mzima. Asubuhi mhudumu atangulie njiani na kupiga hodi, naye daktari afuate nyuma amembebea mkoba.