Kangle, Kijiji cha Majina ya Wageni

Mtajie mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo aliyewahi kufika Guangzhou neno Zhongda, naye atakusimulia majora ya vitambaa, zipu, vifungo na lesi, na jinsi miguu inavyowaka moto kwa kuzunguka maduka kutwa nzima. Habari za chuo kikuu hatakupa. Ilhali Zhongda ni kifupi cha Zhongshan Daxue, yaani Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, na soko hilo la vitambaa limebeba jina hilo kwa sababu wauzaji wake wa mwanzo walitandaza bidhaa karibu na lango la chuo.

Kinachotenganisha soko na chuo ni Barabara ya Xingang Magharibi. Upande wa kaskazini, hadi ukingoni mwa Mto Zhujiang, kuna kampasi yenye miti mirefu na majengo ya matofali mekundu na mapaa ya vigae vya kijani, inayoitwa Bustani ya Kangle. Upande wa kusini kuna Kijiji cha Kangle, ambako nyumba zimesongamana kiasi kwamba wenyeji huziita nyumba za kupeana mikono: jirani akinyoosha mkono dirishani, anamfikia mwenzake wa nyumba ya pili. Huku kuna maprofesa na huku kuna mafundi cherehani, na jina lao ni moja. Kangle kwa Kichina ni afya na furaha, au raha mustarehe. Aliyelileta jina hilo hakuzipata huku.

Mapokeo ya Guangzhou yanasema alikuwa Xie Lingyun, mshairi aliyezaliwa mwaka 385 katika ukoo mkubwa. Alirithi cheo ambacho watu wa mwambao wangekiita Mwinyi wa Kangle, na Kangle hiyo ilikuwa wilaya katika jimbo linaloitwa leo Jiangxi. Wachina humhesabu kuwa baba wa ushairi wa milima na mito. Alipenda kupanda milima mno hata akajitengenezea mitalawanda yenye meno ya kuchomoa: akipanda huchomoa meno ya mbele, akishuka huchomoa ya nyuma, nyayo zikabaki sawa. Ulimi na kiburi chake vilimtia matatani na watawala. Alihamishiwa kusini kabisa, Guangzhou, ambayo siku hizo ilikuwa pembe ya dunia yenye joto na malaria, na mwaka 433 akauawa huko kwa shtaka la uasi. Hadithi moja ya kale inasimulia kuwa kabla ya kuuawa alizitoa ndevu zake nzuri zipambe sanamu katika hekalu la Kibudha. Mahali aliposemekana kukaa pakaitwa kwa cheo chake.

Jambo hili si geni kwetu. Kariakoo nayo imepata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao maelfu kwa maelfu walikufa njiani wakiwabebea Waingereza mizigo. Leo anayekwenda Kariakoo kununua shuka hamkumbuki mpagazi hata mmoja. Soko huwa na kelele nyingi kuliko makaburi.

Kwa karne nyingi baada ya Xie, Kangle ilikuwa mashamba na vilima vya makaburi kwenye kisiwa ambacho watu wa mjini walikiita Henan, kusini mwa mto. Mji wenyewe, wenye kuta na ofisi za serikali, ulikuwa ng'ambo ya kaskazini. Mwaka 1904 walifika wageni wengine kununua ardhi hiyo. Hao walikuwa wamisionari wa Kimarekani wa Canton Christian College, shule iliyoanzishwa mwaka 1888 na Andrew Happer. Ilikuwa imehangaika kutoka nyumba ya kupanga hadi nyumba ya kupanga, ikafika mpaka Macau, na sasa ilitaka kwake. Wakulima wakauza vilima vyao, na muda si mrefu likasimama Jumba la Martin, miongoni mwa majengo ya kwanza nchini China kujengwa kwa zege lenye nondo. Wanafunzi waliotoka mjini walivuka mto kwa mashua, na ndiyo maana lango la zamani la chuo linatazama maji hadi leo.

Pesa zilitoka Marekani, na kila tajiri aliyetoa alipewa jengo lenye jina lake. Henry Martin wa Cincinnati alipata jumba. Ambrose Swasey wa Cleveland, mtengenezaji wa darubini za kutazamia nyota, alipata ukumbi. Kisha kuna nyumba iliyojengwa mwaka 1914 ambayo Wachina huiita Nyumba ya Jiwe Jeusi. Mgeni huizunguka akilitafuta hilo jiwe jeusi asilione, maana kuta ni za matofali mekundu. Mfadhili alikuwa mama mmoja wa Chicago wa ukoo wa Blackstone, na mtafsiri akalitafsiri jina lake neno kwa neno.

Nyumba hiyo ilikuwa makazi ya Zhong Rongguang, ambaye mwaka 1927 alikuja kuwa rais wa kwanza Mchina wa chuo hicho, kilichojulikana kwa Kichina kwa jina la Lingnan. Kabla ya hapo, Juni 1922, jenerali Chen Jiongming alimgeuka kiongozi wa mapinduzi, Sun Yat-sen, na kuishambulia ofisi yake usiku. Mke wa Sun, Soong Ching-ling, alitoroka chini ya risasi, akavuka mto na kuhifadhiwa katika nyumba ile ya jiwe lisilokuwepo. Tarehe 21 Desemba 1923 Sun mwenyewe alisimama mbele ya wanafunzi katika Ukumbi wa Swasey, akawahimiza wakusudie kufanya makubwa na wasikimbilie ukubwa wa vyeo. Maneno hayo yamechongwa ukutani, na kila mwaka wahitimu hupiga picha mbele yake, wakiwemo wale ambao kesho yake wanapeleka barua za maombi serikalini.

Chuo hakikukaa kando ya siasa za mji. Tarehe 23 Juni 1925 maandamano ya kupinga ukoloni yalipita Shaji, mkabala na kisiwa cha Shamian walikoishi Wazungu, na askari wa Kiingereza na Kifaransa wakafyatua risasi. Waliokufa walizidi 50, wakiwemo mwalimu na mwanafunzi wa kutoka Kangle. Banda lenye pembe nane lililojengwa kwa kumbukumbu ya mashahidi wa chuo bado limesimama katikati ya majani, na wanafunzi hukaa humo kusoma kivuli kinapokuwa kizuri.

Oktoba 1938 Wajapani waliiteka Guangzhou. Lingnan ikakimbilia Hong Kong, na Hong Kong ilipoanguka Desemba 1941 ikakimbilia tena milimani kaskazini mwa Guangdong, hadi 1945. Haikuishi sana baada ya kurudi. Mwaka 1952 serikali mpya ya Kikomunisti ilipovipanga upya vyuo vya nchi nzima, Lingnan ilivunjwa, na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, kilichoasisiwa na Sun mwaka 1924, kikahamishwa kutoka Shipai na kukabidhiwa bustani hii. Mwaka 1956 ikaletwa sanamu ya shaba ya Sun, moja ya nne zilizotolewa na rafiki yake Mjapani, Umeya Shokichi. Hata jina Zhongshan lina asili ya safari: limetokana na Nakayama, jina la Kijapani ambalo Sun alilitumia kujificha alipokuwa mkimbizi Japani. Kwa hiyo chuo chenye jina la bandia la mkimbizi kilikuja kukaa katika bustani yenye cheo cha mshairi aliyefukuzwa.

Mkimbizi mwingine aliyetia alama hapa ni Chen Yinke, mwanahistoria aliyejua lugha nyingi za kale za Asia. Alifika Lingnan Januari 1949, macho yake yakiwa yamekwisha kupofuka. Alipewa ghorofa ya juu ya nyumba moja karibu na uwanja mkubwa wa majani, na wanafunzi wakawa wanamfuata barazani kwake kusoma. Kwa kuwa bado alitambua mwanga kidogo, kiongozi wa chama wa Guangdong, Tao Zhu, aliagiza itengenezwe njia nyeupe mbele ya nyumba ili profesa apate kutembea jioni bila kupotea. Humo ndani, akisema na msaidizi wake akiandika, alikamilisha wasifu mrefu sana wa Liu Rushi, mwanamke mshairi wa karne ya 17 ambaye wanahistoria wengi hawakumwona kuwa ni mtu wa kuandikwa. Yalipokuja Mapinduzi ya Utamaduni, vipaza sauti vilifungwa kuizunguka nyumba ya kipofu huyo ili asikie akilaaniwa. Akaondolewa humo, na tarehe 7 Oktoba 1969 akafariki. Mkewe alimfuata kabla ya miezi miwili kutimia. Njia nyeupe ingalipo, na watalii huitembea polepole.

Miaka ya mageuzi ya uchumi ilileta wafadhili wapya, safari hii kutoka Hong Kong. Kituo cha michezo cha kampasi kina jina la Yingdong, yaani Henry Fok Ying-tung, tajiri mwenye asili ya Panyu aliyejulikana kwa kuifadhili michezo ya China na kuipigania irudi katika mashirikisho ya kimataifa. Ukumbi na viwanja hivyo vilijengwa kwa ajili ya wanafunzi, lakini jiji lililobanana lilivigeuza kuwa uwanja wa mtaa. Alfajiri wazee hunyoosha viungo taratibu chini ya miti, na jioni wakimbiaji huzunguka njia ya riadha huku mababu wakisukuma wajukuu. Kijiji cha ng'ambo ya barabara hakina hata kipande cha ardhi cha kuchezea mpira, hivyo lango la chuo kuwa wazi au kufungwa ni habari kubwa kwa majirani. Lilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, waliojua thamani ya uwanja ule zaidi ni wale ambao hawakuwa na kitambulisho cha kuingilia.

Kijiji chenyewe kilimezwa na jiji kuanzia miaka ya 1980. Mashamba yalikwenda, wenyeji wakabaki na viwanja vya nyumba, wakajenga kwenda juu na kupangisha. Soko la vitambaa lilipokua kando yao, vyumba vikawa karakana. Wapangaji wengi walitoka mkoa wa Hubei, hasa maeneo ya Tianmen na jirani zake, hata mitaa ya Kangle na Lujiang ikaitwa Kijiji cha Hubei. Katika eneo la kilomita ya mraba moja hivi walijazana watu zaidi ya laki moja. Asubuhi mabosi husimama kandokando ya barabara, kila mmoja ameshika sampuli ya nguo. Fundi huichukua, huigeuza ndani nje, huhesabu mishono, kisha huuliza bei ya kipande. Wakikubaliana, jioni analipwa, na kesho anasimama kwa bosi mwingine. Kitambaa kinachonunuliwa asubuhi ng'ambo ya uchochoro kinaweza kuwa nguo kabla ya kulala, na kasi hiyo ndiyo inayowavuta wanunuzi wa ndani na wa nje, wakiwemo Waafrika wanaofika Guangzhou kwa ajili ya Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Pazhou, mashariki ya kisiwa hikihiki.

Mwishoni mwa Oktoba 2022 korona iliingia Kangle, na tangu tarehe 5 Novemba wilaya yake, Haizhu, ikafungwa. Kwa anayelipwa kwa kipande, siku ya kufungiwa ni siku ya kutokula, na kodi ya chumba haingoji. Usiku wa tarehe 14 mamia ya watu walitoka, wakaangusha uzio na kuzijaza barabara. Wengi walidai kitu kimoja tu, waruhusiwe kurudi kwao Hubei. Mapambano yalizuka tena tarehe 29, na siku iliyofuata Guangzhou ikalegeza masharti. Wiki moja baadaye nchi nzima ikafuata. Watu waliokuwa wameishi hapo miaka 10 au 20, waliozaa na kulea hapo, walijikuta wakiitwa wageni na mji waliouvisha nguo, kwa kuwa usajili wao wa ukaazi ulibaki kijijini kwao.

Sasa mamlaka zinahimiza karakana zihamie Qingyuan, kaskazini mwa Guangzhou, na mipango ya kukibomoa kijiji na kukijenga upya imekuwa ikizungumzwa kwa miaka. Baadhi ya mafundi wamekwishaondoka, wengine wanasubiri waone mteja atafuata upande gani. Wakihama wote, upande wa kaskazini wa barabara utabaki na kumbukumbu zake zote: ukumbi wa Swasey, jiwe jeusi la Bi Blackstone, uwanja wa Yingdong, njia ya Chen. Upande wa kusini hakuna aliyetundika kibao. Kazi ya mafundi wa Kangle iko kwenye magunia na makontena, na gauni likishaning'inizwa dukani Mtaa wa Kongo, Kariakoo, lebo iliyoshonwa shingoni ina jina la mtu mwingine.