Ukoo wa Fundi Tingatinga: Uzazi, Undugu na Uanafunzi katika Msasani

Miongoni mwa mafundi waliohamia Dar es Salaam katika karne ya ishirini, ni wachache mno ambao majina yao yametoka katika ngeli ya watu yakaingia katika ngeli ya vitu. Edward Saidi Tingatinga ni mmoja wao. Alipokuwa hai ilisemwa kwamba Tingatinga amechora chui. Leo muuza picha husema kwamba tingatinga hii imechorwa vizuri na tingatinga zile ni za bei nafuu, wala hakuna asikiaye kosa la upatanisho. Jambo hili si la sarufi peke yake. Jina likiisha kuwa la kitu huwa mali, na mali huwa na warithi. Ndiyo maana swali la nani ni wa ukoo wa fundi huyu, na nani si wa ukoo wake, limekuwa zito kuliko mwenyewe alivyoweza kudhani alipoanza kupaka rangi vipande vya ubao mwaka 1968.

Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, ambayo wakati huo ilikuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Majina yake matatu yaeleza habari za nchi ile kuliko kurasa nyingi za historia. Edward ni jina la ubatizo, nalo lakumbusha kazi ya wamisheni waliokwisha kukaa Masasi tangu mwaka 1876; Saidi ni jina la Kiislamu, nao Uislamu ulienea kusini kwa njia za biashara za Wayao; Tingatinga ni jina la nyumbani, lisilo la msikiti wala la kanisa. Watu wasiojua habari hizi hudhani kwamba fundi aliitwa kwa jina la mashine ile nzito isukumayo udongo, ambayo nayo huitwa tingatinga. Majina hayo mawili yamekutana kwa sauti tu.

Kwa mama alikuwa Mmakua. Wamakua wa Tanganyika ni watu ambao wazee wao walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wengi wao katika karne ya kumi na tisa, hata uhamiaji katika ukoo huu haukuanza na Edward. Wamakua, kama Wayao na Wamakonde jirani zao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi hiyo mwana ni wa mjomba wake kabla ya kuwa wa baba, na mtoto wa mama mkubwa au wa mama mdogo si mtu wa kando, bali ni ndugu hasa. Msomaji na alishike jambo hili, kwa maana bila hilo habari za Msasani hazifahamiki.

Katika miaka ya 1950 Edward aliondoka kwao akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Njia hiyo ilikwisha kukanyagwa na maelfu kabla yake. Wakulima wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikia vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ilianzishwa mwaka 1944; watu wa kusini waliletwa kwa mikataba, kila mmoja na namba yake, na kutokana na namba hizo lugha ikapata neno manamba. Baadaye, kabla ya uhuru, alihamia Dar es Salaam. Hapo alifikia kwa ndugu yake aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu.

Neno hili kufikia lastahili kutazamwa. Katika Kiswahili cha mjini mtu hafiki mjini tu, hufikia kwa mtu. Aliyetangulia hupasua chumba chake kwa pazia, humwonyesha mgeni mahali pa maji, humtafutia kazi kwa bwana wake au kwa jirani wa bwana wake. Kwa njia hii Edward alipata kazi ya bustani katika mitaa ya Oyster Bay, ambayo ilipangwa na serikali ya kikoloni iwe makazi ya Wazungu. Na watumishi wao walikaa karibu, katika Msasani. Yaliyotukia Msasani yalitukia pia Manzese, kando ya barabara ya Morogoro, ambako nyumba zilijengwa bila ramani ya serikali mpaka, katika miaka ya 1970, ikaamuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwamba mtaa utengenezwe badala ya kubomolewa. Nyumba ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma, ndiyo iliyokuwa shule ya mafundi wengi wa mji huu. Barazani mtu akishona, akiziba viatu au akichora, wale waliofikia kwake wanamwona kutwa nzima.

Mabwana wa zamani walipoondoka, Edward alifanya kazi nyingine za mikono, na baadaye aliajiriwa katika hospitali ya Muhimbili. Uchoraji aliuanza kama kazi ya saa za jioni. Chombo chake kilikuwa ubao mwembamba wa dari; ubao mzima wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila mabaki, na huo ndio umbo mraba ambao watu wengi huufikiria kuwa siri ya mtindo. Rangi ilikuwa ile ya mafuta, inayopakwa milango na baiskeli. Hukauka ikang'aa, wala haichanganyiki kwa urahisi kama rangi za shule za sanaa, hata mchoraji alazimika kuweka rangi kando ya rangi, kila moja na mpaka wake. Juu ya uwanja wa rangi moja au mbili alimweka mnyama mmoja, ndege au mti.

Asili ya mtindo huo imebishaniwa. Wako wanaosema kwamba aliona picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam, akajisemea kwamba hata yeye aweza. Wengine huutafuta mwanzo katika kuta za nyumba za kusini. Na ni kweli kwamba Mjerumani Karl Weule, aliyesafiri nchi za Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta michoro katika kuta, akawapa wenyeji karatasi na kalamu ili wamchoree. Hoja hizi mbili hazipingani. Mtu aweza kuwa na mkono uliozoea ukuta, na akafundishwa soko na mgeni.

Soko lenyewe lilikuwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oyster Bay, walikonunua vyakula wageni wa Ulaya. Mkewe alishughulika na kuuza. Hapana shaka wanunuzi wale walikuwa watu wa namna ile ile ambayo fundi aliwahi kuwatunzia bustani. Biashara ilipokua hakuweza kuitosheleza peke yake, basi akawaita watu wake. Ndio hawa watano wanaotajwa daima: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu na Kasper Tedo.

Hapa ndipo ugumu wa mwandishi wa nasaba unapoanza. Katika vitabu vilivyoandikwa kwa lugha za Ulaya, watu hawa na wengine wa nyumba ile hupewa vyeo vya kifamilia visivyolingana: mtu mmoja huitwa binamu katika kitabu hiki na mpwa katika kile, mwingine ni ndugu nusu hapa, na rafiki tu kule. Msomaji hudhani kwamba mashahidi walidanganya au walisahau. Yaelekea zaidi kwamba hawakusahau lolote. Walisema ndugu, na mfasiri akalazimika kuchagua. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yenyewe hulifasiri neno ndugu kwa maana nyingi, kuanzia aliyezaliwa tumbo moja mpaka jamaa wa mbali na mtu wa kabila moja. Tena katika miaka ile ile neno hilo lilikuwa likipanuka, kwa kuwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 wananchi wote walihimizwa kuitana ndugu. Na binamu, ambalo asili yake katika Kiarabu ni mtoto wa ami, yaani wa ndugu wa baba, halifai kabisa kwa jamaa wa mama katika ukoo wa Kimakua. Aliyelitumia alikwisha kuugeuza mti kichwa chini.

Mfano wa pili waonyesha kosa hilo hilo. George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2005, aliingia Nyumba ya Sanaa kwa msaada wa Augustino Malaba. Maandishi ya Kiingereza humwita Malaba kwa neno moja lisilobagua mjomba na ami. Kwa Mmakonde tofauti hiyo si ndogo: mjomba ana wajibu wa kumshika mkono mpwa wake, na ami hana wajibu wa namna hiyo. Anayeandika habari za ukoo bila kuuliza ni yupi, ameandika tarehe akaacha sababu. Ufundi wa nyumba hiyo baadaye umeshikwa na mjukuu, Hendrick Lilanga.

Tuurudie ukoo wa Msasani. Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari usiku, na polisi, wakidhani kwamba gari lile ni la wezi, walilipiga risasi, naye akafa. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Wanawe walikuwa wadogo mno kuweza kushika brashi. Mwanawe Daudi alikuja kuwa mchoraji baadaye, ufundi ukiwa umekwisha kukaa mikononi mwa wengine. Kwa hiyo katika ukoo huu ufundi haukushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama ngazi. Ulikwenda kando kwanza, kwa ndugu na jamaa, kisha ukashuka kwa wanafunzi wao, na kwa mtoto wa fundi ulifika kwa njia ya kuzunguka. Anayetazama kwa macho ya nasaba za Kiarabu au za Kizungu ataona mrithi aliyenyang'anywa. Anayetazama kwa macho ya Kimakua ataona mali iliyokwenda njia yake ya kawaida. Maoni yote mawili yana watu wake mpaka leo, na la pili, ijapokuwa lina nguvu zaidi katika desturi, halimpi chakula mjane.

Walioachwa waliungana. Mwaka 1977 walifanya ushirika wa kwanza wa wachoraji, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika chenye makao pale pale Morogoro Stores. Simon Mpata alikuwa amekwenda zake Nairobi, akauanzisha mkondo wa upande ule. Kizazi cha tatu kilikuwa na watu wa Tunduru bado, kama Mohamed Charinda, lakini walikuwamo pia wasiokuwa wa kusini hata kidogo. David Mzuguno, aliyesifiwa kwa misitu yake minene ya rangi, alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Huyu hakuwa ndugu wa Tingatinga kwa mama wala kwa baba. Je, ni wa ukoo?

Lugha imekwisha kujibu kabla ya mahakama. Neno mwanafunzi limeundwa kwa mwana. Anayefundishwa ufundi huhesabiwa mtoto katika nyumba ya mafunzo, na kwa desturi za zamani alikaa kwa fundi, akala kwake, akatumwa dukani kama watoto wengine. Kwa kipimo hicho Mzuguno ni mjukuu wa Edward. Lakini sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haina kifungu cha mwanafunzi wa namna hii. Yenyewe yamjua mwenye kazi na warithi wake, wala mtindo si kitu kinachoweza kumilikiwa chini yake. Wakati huo huo picha zisizochorwa na Edward zimeuzwa kwa sahihi yake. Na mwaka 2010 jina hilo lilifika katika filamu za katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza. Kila jina lilivyozidi kwenda mbali, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema nani ana haki ya kuliita lake.

Wachoraji wenyewe wamejitafutia njia. Wengi hutia sahihi kwa majina yao, hata picha ikiwa ya mnyama yule yule juu ya uwanja ule ule. Na katika vitabu vya maonyesho, katika mistari michache inayoeleza habari za kila mmoja, baada ya mwaka na mahali pa kuzaliwa hutajwa aliyemfundisha. Na huyo naye, akitafutwa katika ukurasa wake, hutajiwa wa kwake, kama masheikh wanavyotaja silsila ya waliowasomesha. Mara nyingi orodha hufika kwa mmoja wa wale watano kwa hatua mbili au tatu.