Mwenda Jean Bosco: Vidole Vilisifiwa, Maneno Je?

Tunapofundisha ushairi tumezoea kuanza na Muyaka, tukafika kwa Shaaban Robert, kisha tukatua mzigo. Watunzi walioimba kwa gitaa hatuwataji, ingawa wazee wetu waliwasikia zaidi kuliko walivyosoma diwani yoyote.

Mmoja wao ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 1930. Alijiita pia Mwenda wa Bayeke, na jina hilo lina historia yake. Bayeke ndio waliotoka pande za Unyamwezi katika karne ya 19, wakakaa Bunkeya chini ya Msiri. Misafara ya biashara ya zama hizo ilifika Katanga na Kiswahili, na baadaye migodi ya shaba ikakieneza katika kambi za wafanyakazi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na chombo cha kunasia sauti, alimkuta Bosco mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo. Ndipo uliponaswa wimbo wa "Masanga". Kijana yule alipiga nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada tu, lakini msikilizaji hudhani wapigaji ni wawili! Santuri zake zilifika Kenya, na vijana wengi wakajifunza kwa kuinamia gramafoni. Mwaka 1969 aliimba Newport, Marekani.

Hata hivyo, magitaa ya umeme na bendi kubwa za rumba zilikwisha kuuteka umma, na jina lake likafifia nje ya kwao. Mpiga gitaa John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta Bosco na wenzake Losta Abelo na Edouard Masengo. Kitabu cha safari hiyo, Shaba Diary, kilitoka mwaka 1982. Bosco aliishi hata akarekodi tena, kabla ya kufa kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Lakini ni nini hasa kilichofufuliwa? Ni vidole. Mapema mwaka 1961 David Rycroft alikwisha kuanza kuchapisha uchambuzi wa upigaji wake. Maneno yaliachwa nyuma, na hapa hatuwezi kuwalaumu wageni peke yao. Sisi walimu tulisikia "batu" badala ya "watu", na "katoto" kwa mtoto mdogo, tukasema hicho ni Kiswahili kibovu, tukazima redio. Twakiri kosa. Kiambishi ba- kimetoka katika lugha za Kibantu zilizokizunguka Kiswahili huko, na ka- ya udogo vilevile. Mwanafunzi aliyefundishwa ngeli barabara angevitambua mara moja. Kisha angeweza kuendelea na utungo wenyewe: wimbo wa "Tajiri na Mali Yake", kwa mfano, ungetosha kipindi kizima cha fasihi, gitaa likiwa limewekwa kando.