Mlio Uliotangulia Mlipuko

Ukisimama Runingu jioni, kando ya barabara itokayo Uvira, unaiona Burundi ng'ambo ya Ruzizi. Mvua inapokaribia, radi humulika kwanza, ngurumo ikafuata baadaye. Watoto wa uwanda huu wanajua kuhesabu katikati ya mwanga na sauti ili kukisia mvua iko mbali kiasi gani. Hesabu hiyohiyo ilikuja kutumika katika kesi ya ndege iliyobadilisha maisha ya huku kwetu.

Tarehe 6 Aprili 1994 usiku, ndege aina ya Falcon 50 iliyotoka Dar es Salaam ilitunguliwa ikiwa karibu kutua Kigali. Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi na wenzao wote, jumla watu 12, walikufa. Mauaji ya kimbari yakaanza. Kabla mwaka haujaisha, uwanda wa Ruzizi ulikuwa umejaa kambi za wakimbizi, mojawapo hapa Runingu, mpaka vita vya Oktoba 1996 vilipozitawanya. Ndiyo maana swali la kombora lilirushwa kutoka wapi linatuhusu.

Mwaka 2006, hakimu Jean-Louis Bruguière wa Ufaransa alielekeza lawama kwa waasi wa RPF na kilima cha Masaka, bila yeye kufika Rwanda. Waliompokea kazi, Marc Trévidic na Nathalie Poux, walikwenda Kigali Septemba 2010 pamoja na wataalamu wa ndege, makombora, milipuko, sauti na upimaji ardhi. Walichunguza mabaki, wakapima vilima na mahali mashahidi walipokuwa, kisha vipimo vikaingizwa kwenye kompyuta: umbo la ardhi, njia ya ndege, pembe ya kombora lililopiga upande wa bawa la kushoto. Wakajaribu sehemu sita ambako kombora lingeweza kurushwa.

Hapo ndipo hesabu ya radi inaporudi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mashahidi waliokuwa majumbani mwao ndani ya kambi ya jeshi ya Kanombe walisema walisikia mlio wa kombora kwanza, ndipo mlipuko. Lingerushwa Masaka, zaidi ya kilomita 2 kutoka kwao, mlio ungechukua sekunde sita au zaidi kuwafikia, na mlipuko ungeutangulia. Ripoti ya Januari 2012 ikaona Kanombe, eneo la jeshi la serikali ya wakati ule, kuwa ndiko kunakoelekea zaidi kuwa chanzo cha kombora. Haikumtaja aliyerusha.

Nasisitiza mpaka huo wa ripoti kwa sababu picha za kompyuta zina nguvu ya kushawishi. Mtazamaji huona ndege ikizunguka na kuanguka, akadhani ni filamu iliyopigwa siku ile. Picha haizidi vipimo vilivyoilisha. Ndege ya Ethiopian iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 na kuua watu 157 ilichoreka vizuri kwa kuwa visanduku vyake vya kurekodi safari vilihifadhi mabadiliko ya kimo na mwendo. Kuhusu Falcon, kisanduku kilichoibuka New York mwaka 2004 kilichunguzwa na kuonekana si chake.

Ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, haikuwa na kisanduku kabisa. Septemba 1961 iliondoka Leopoldville, ikaja mashariki hadi Ziwa Tanganyika, ikakata kusini kuikwepa Katanga, ikaanguka karibu na Ndola. Watu wote 16 walikufa, mmoja wao akifa siku chache baadaye. Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, amelichunguza jambo hili kwa niaba ya Umoja wa Mataifa tangu 2015, na kila mara amezihimiza nchi zifungue nyaraka zao. Pasipo nyaraka hizo kompyuta haina la kuchora.

Kesi ya Kigali ilifungwa Paris Desemba 2018, na Mahakama ya Juu ya Ufaransa ikathibitisha uamuzi huo Februari 2022. Hakuna aliyehukumiwa kwa kuitungua ndege ile.