Mfinyo wa Sauti

Mzee mwenye kifaa cha kusaidia kusikia akisimama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela, ambapo malori ya mpakani hupita mchana kutwa na upepo wa mbuga hauna wa kuuzuia, aghalabu jamaa zake humwinamia wakapiga ukelele, kwa kudhani kwamba kilichomo sikioni mwake ni kipaza sauti kidogo, na kwamba sauti ikizidi na ufahamu huzidi. Dhana hiyo imezaliwa na neno. Maana tukikiita kifaa hicho kipaza sauti, tumeisitiri kazi yake iliyo ngumu zaidi, ambayo mimi naiita mfinyo.

Sikio zima hupokea tangu sauti hafifu kabisa iliyo karibu na desibeli 0 hata kishindo cha desibeli 100 hivi, ambacho hukera. Sikio lililofiwa na chembe zake za ndani, tuseme kwa kadiri ya desibeli 60, halisikii kilicho chini ya hapo, lakini kile kishindo cha 100 hulikera vilevile kama zamani. Basi nafasi ya 100 imebaki 40, na sauti zote za dunia hazina budi kuenea humo, mfano wa kundi lililozoea mbuga za Kajiado likitiwa katika zizi dogo. Kuzikuza zote sawasawa si insafu: ndama angeingia, lakini fahali angevunja ua. Kwa hiyo kifaa huipa sauti nyonge nyongeza kubwa, na yenye nguvu nyongeza ndogo. Mfinyo ukiwa wa mbili kwa moja, sauti iliyopanda desibeli 10 nje hupanda 5 tu sikioni.

Faida yake hudhihirika katika lafudhi. Suka, shuka na fuka hupambanuliwa na pumzi ya mwanzo tu, pumzi nyonge yenye mawimbi ya juu, huko huko ambako uziwi wa uzee huanzia. Na asiyeipata hajui kama ameambiwa ateremke kwenye matatu au amesifiwa shuka lake jekundu. Manufaa haya ndiyo aliyoyatetea mtafiti Edgar Villchur wa Marekani mwaka 1973.

Walakini usemi hauishi kwa nguvu peke yake; una vilima na mabonde, silabi ikipanda na kituo kikishuka, na akili hulitambua neno kwa umbo hilo. Mfinyo wa haraka huliokoa neno linalofuata honi ya lori, lakini huyajaza mabonde, hata ngurumo ya injini ikakaa mahali pa kimya cha msemaji. Na ule wa polepole hulihifadhi umbo, lakini lori likisha kupita huiacha sauti chini kitambo, neno la nyuma yake likapotea. Mwaka 1988 mtafiti Reinier Plomp wa Uholanzi alitoa hadhari juu ya kusawazishwa huko kwa vilima na mabonde. Kimaa, lugha ya Wamaasai, ambacho humpambanua mtenda na mtendwa kwa kidatu, hakidhuriki sana hapo, maadamu kinachofinywa ni nguvu, si kidatu.

Kwa nini basi mfinyo? Mgandamizo huleta picha ya jiwe juu ya kitu, na msongo umekwisha kutwaliwa na mawazo. Wa kompyuta husema kufinyaza, lakini faili iliyofinyazwa huweza kufunguliwa ikarudi kama ilivyokuwa, na sauti iliyofinywa hairudi. Mfinyo umetoka katika shina moja na finyu, nao unasema kweli zote mbili: kwamba nafasi imepunguzwa, na kwamba aliyefinywa huumia kidogo.

Mwenye kulielewa neno hili hatapiga ukelele tena. Atamwondoa mzee wake upeponi, atamkabili uso kwa uso, na kusema kwa utaratibu. Kwani ile nguvu anayoiongeza kwa kupayuka ndiyo hasa ambayo kifaa kimeagizwa kuipunguza.