Fishi ya Kasongo: neno la mgonjwa lina uzito gani?

KASONGO, MANIEMA – Ukitaja Kasongo, wengi hukumbuka Tippu Tip na vita vya mwaka 1893. Wachache wanajua kwamba mji huu uliwafundisha madaktari wa nchi nyingi jambo moja kubwa: namna ya kumuuliza mgonjwa, na namna ya kutumia jibu lake.

Mwaka 1971, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha hapa kazi iliyojulikana kama Mradi wa Kasongo. Wazo lilikuwa rahisi. Hospitali isibebe kila kitu. Vituo vya afya viwe karibu na vijiji, na muuguzi wa kituo atibu, achanje, afuatilie wamama wenye mimba, na amwandikie kila mgonjwa fishi yake. Mgonjwa akirudi, muuguzi asianze upya, bali aanzie pale mazungumzo yalipoishia. Ugonjwa ukimzidi, ampeleke mgonjwa hospitali.

Kikosi cha mradi kilipenda kuhesabu, lakini hakikuridhika na hesabu peke yake. Mwaka 1981 kilitoa katika gazeti la waganga la Lancet matokeo ya chanjo ya surua. Swali lao lilikuwa zito: mtoto aliyeokolewa na surua anaokoka kweli, au ugonjwa mwingine utamchukua baadaye? Kupunguza ugonjwa mmoja si sawa na kumpa mtu maisha mazuri.

Mwaka 1984 wakatoa utafiti mwingine, ambao bado unatajwa. Walitafuta alama nyepesi ambazo muuguzi anaweza kuzitumia kumtambua mapema mama atakayekwama wakati wa kujifungua. Alama moja ilitoka kinywani mwa mama mwenyewe: je, alipata shida katika uzazi uliopita? Wamama waliosema ndiyo walikuwa katika hatari kubwa kuliko wenzao. Neno la mama, basi, lilikuwa kipimo cha kweli.

Lakini hesabu ilipofanywa mpaka mwisho, ilionyesha upande wa pili. Kati ya wamama 100 waliokwama, 71 hawakuwa na historia hiyo ya shida. Na kati ya wamama 100 waliotajwa kuwa hatarini, 90 walijifungua bila kukwama. Swali lilikuwa zuri, lakini halikutosha kuwagawa wamama mara moja: huyu wa hospitali, huyu abaki kijijini. Funzo likawa kwamba mama yeyote anaweza kupata shida, kwa hiyo kila mama anahitaji msaada ulio karibu siku ya kujifungua.

Swali hilohilo la uzito wa neno la mgonjwa linaulizwa leo katika magonjwa mengine. Mfano ni mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, inayoletwa hasa na vumbi la asbesto. Mwaka 1960 Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wao watu wa machimbo ya asbesto ya Cape. Ugonjwa huu ni mgumu kuponya. Picha ya kifua inaonyesha uvimbe na maji, lakini haionyeshi kama mgonjwa amelala usiku, kama anaweza kutembea mpaka mlangoni, au kama anaogopa. Ni yeye tu anayejua. Ndiyo maana waganga wametengeneza orodha za maswali ya kupima pumzi, maumivu, uchovu na hali ya maisha.

Afrika nayo ina orodha yake. Shirika la Afrika la huduma za kutuliza maumivu, lenye makao Kampala, lilitengeneza maswali 10: 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemtunza. Majibu yanapimwa kuanzia 0 hadi 5, na asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hata hapo lugha inataka uangalifu. Huku fishi inaandikwa Kifaransa, mgonjwa anasema Kiswahili. Akisema ana uchungu, ni wa mwili, wa kuzaa, au wa moyo kwa sababu ya mtoto aliyemzika? Muuguzi akitafsiri haraka, kipimo kimepotea kabla ya kuandikwa.

Njia ya Kasongo ilisaidia kuzaa zoni za afya zilizoenea nchini: zilikuwa 306 katika miaka ya 1980, na leo ni 519. Kasongo na Kabambare ni miongoni mwa 18 za Maniema. Kila mwezi vituo hupeleka juu hesabu ya wagonjwa, chanjo, uzazi na vifo. Hesabu hizo zinahitajika. Lakini mama wa kijiji cha Kabambare, aliye mbali na chumba cha upasuaji, hawezi kuokolewa na hesabu iliyofika Kindu. Anahitaji muuguzi anayemuuliza kila anapokuja, anayeandika jibu lake jinsi alivyolisema, na njia ya kumfikisha hospitali usiku huohuo.

Hilo wazee wa kazi hii walilijua Kasongo miaka zaidi ya 40 iliyopita. Kuuliza bila kuwa na msaada wa kutoa ni kumwongezea mgonjwa mzigo.